Karani aliyeandika majina mawili mawili

Niliwahi kumwandika mtu "Bi Mkubwa" kwenye rejista ya hospitali. Sio utani. Nilikuwa nakaa dirisha la usajili kwenye hospitali moja ya huku kwetu pwani, saa moja asubuhi, foleni imefika mpaka kwenye mwembe, kijana kamleta bibi yake kwenye bajaji, namuuliza jina la mgonjwa ananiambia Bi Mkubwa, jina la baba ananiambia Ali, basi nikaandika Bi Mkubwa Ali, umri nikakisia 70, anayefuata! Kumbe nyumbani kwao ndo wanamwita hivo tu, toka kijana anazaliwa hajawahi kusikia mtu akimtaja bibi yake kwa jina.

Miezi miwili baadaye akaja mtoto wake, mtu mzima, kasafiri usiku kucha. Mama alishafariki, anahitaji kumbukumbu za kulazwa ili afuatilie cheti. "Dada, mama yangu alilazwa hapa, Zaituni binti Ali." Nikatafuta Zaituni. Hakuna. Nikatafuta kwenye Z, kwenye S labda nimesikia vibaya, kwenye faili za wodi, hakuna. Yule baba akakaa kwenye benchi siku nzima na kesho yake akarudi na chupa ya maji na mkate wake. Tulikuja kumpata mama yake kwa tarehe, mimi mwenyewe kidole kinashuka kwenye mistari, nafika hapo nauona mwandiko wangu. Bi Mkubwa Ali. Sikujua niuweke wapi uso.

Kwaiyo nilipoanza kusoma habari za William Still wa Philadelphia nilikaa nazo wiki kadhaa, kwa sababu watu wote wanaposimulia habari za kutorosha watumwa kule Marekani wanaanza na bunduki, taa dirishani, msitu, mbwa, na mimi sikatai, ila huyu jamaa alikuwa karani. Alikuwa na meza, kalamu na daftari. Na kuna mtu alimpata mama yake kwa sababu ya swali la karani.

Still alizaliwa 1821 New Jersey, kwenye ile misitu ya misonobari ya Burlington, mtoto wa mwisho kati ya 18. Wazazi wake walitokea Maryland utumwani. Baba, Levin, alikuwa amemwambia bwana wake kwamba bora afe kuliko kuendelea kuwa mtumwa, akafanya kazi akajinunua, akawa muungwana, akahamia New Jersey. Mama alikuwa anaitwa Sidney, huyo hakuwa na wa kumnunua. Akatoroka na watoto wanne akamfuata mumewe. Wakawakuta, wakamrudisha yeye na watoto wote, na usiku wakawa wanamfungia ndani. Alivyoona wamelegeza akatoroka tena, ila safari hii alishajua kwamba wanne hawabebeki. Akachukua wasichana wawili. Wavulana wawili, Levin wa miaka 8 na Peter wa 6, wakabaki wamelala kwa bibi yao. Aliwabusu usingizini akaondoka.

Mi hapo huwa nasimama kidogo. Watu wanapenda kusema mama hawezi kuacha mtoto. Haya, huyu aliacha wawili, na ukiniuliza kama alikosea nitakuuliza we ungebebaje wanne usiku, kwa miguu, na umeshakamatwa mara moja.

Alipofika New Jersey akabadilisha jina. Sidney akaisha, akawa Charity, na ukoo nao kutoka Steel wakawa Still, ili wakija kumtafuta wasimpate. Shikilia hapo kwenye jina. Yule bwana kwa hasira akawauza wale wavulana wawili Kentucky, na baadaye wakapelekwa Alabama, mbali kabisa kusini, kwenye mashamba ya pamba. William hajazaliwa bado. Amekuja kukua anasikia tu kwamba kuna kaka zake wawili waliobaki, kama vile sisi tunavyosikia habari za mjomba aliyepotelea bara enzi hizo.

Shule hakusoma sana, alijiokotea mwenyewe kusoma na kuandika katikati ya kazi za shamba. 1844 akaingia Philadelphia kutafuta maisha, na 1847 akapata kazi kwenye ofisi ya chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, mshahara dola 3 na senti 75 kwa wiki. Kazi yenyewe ni ukarani na kufagia ofisi. Yaani karani ambaye ndiye pia mfagizi, tunawajua hawa, kila ofisi ina mmoja na ndiye anayejua kila faili liko wapi.

Wakati huo watoro walikuwa wanapita Philadelphia mfululizo. (Neno mtoro siku hizi tumempa mwanafunzi anayekimbia hesabu, lakini huku pwani watoro walikuwa ni watumwa waliokimbia mabwana, wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo huko nyuma ya Malindi. Sijui kwanini neno zito hivo tumeliachia walimu wa zamu.) Njia waliyopita kule ndo wanaita Reli ya Chini kwa Chini, na haikuwa reli wala haikuwa chini ya ardhi, ilikuwa ni watu tu. Huyu anakulaza ghalani, yule anakupakia chini ya mzigo wa gari la farasi, mwingine anakupa nauli, mpaka unafika Canada. Philadelphia ilikuwa kituo kikubwa kwa sababu Maryland na Delaware ziko karibu tu, na kutoka Virginia unaweza kujificha kwenye meli.

Machi 1849 likaletwa sanduku. Limetumwa kwa mzigo kutoka Richmond, Virginia, kama futi tatu hivi urefu wake, limefungwa kwa mabanzi. Ndani yupo Henry Brown. Mke wake na watoto walikuwa wameuzwa mwaka uliotangulia, akaamua liwalo na liwe, rafiki yake mmoja na fundi viatu wa kizungu anaitwa Samuel Smith wakampigilia misumari ndani na maji kidogo na biskuti. Karibu saa 27 njiani, na kipande kingine cha safari alikaa kichwa chini miguu juu kwa sababu wapagazi wa meli hawakujali maandishi. Still alikuwepo linafunguliwa. Waligonga kwanza kwa nje wakauliza kama yuko sawa, sauti ikajibu kutoka ndani kwamba yuko sawa. Smith alipojaribu kutuma wengine kwa mtindo ule ule alikamatwa akafungwa, na huyo hakuna anayemkumbuka.

Sasa twende Agosti 1850. Still yuko ofisini anafunga magazeti ya chama ya kupeleka posta. Analetwa mtu wa makamo, anaitwa Peter Friedman, ametoka Alabama. Huyu hakutoroka. Alikuwa amejinunua kwa ujanja, maana sheria haikumruhusu mtumwa kujinunua, kwaiyo aliongea na wafanyabiashara wawili Wayahudi, ndugu wawili wa ukoo wa Friedman, mmoja wao akamnunua kwa dola 500 kama vile anamnunua kwa matumizi yake, kumbe Peter anamrudishia pesa yake kidogo kidogo kutoka kwenye vibarua vya usiku na siku za mapumziko. Alipomaliza akapewa karatasi yake. Na jina la ukoo akachukua la huyo huyo Friedman, maana alikuwa hana la kwake.

Anatafuta wazazi. Hajui waliko, anachojua ni mto Delaware, na kwamba yeye na kaka yake waliibiwa wakiwa wadogo, ndo hadithi waliyokuwa wanawaambia watu miaka yote. Mpango wake ulikuwa kwenda kwenye makanisa ya watu weusi tangazo lisomwe, labda mzee mmoja atakumbuka. Hebu fikiria, miaka zaidi ya 40 imepita.

Still anaendelea kufunga magazeti huku anamuuliza yale maswali ya kawaida. Wazazi wako wanaitwaje? Peter akasema baba Levin, mama Sidney.

Hapo mikono ikasimama. Maana mjini pale, na New Jersey nzima, hakuna aliyemjua huyo mama kwa jina la Sidney. Alikuwa Charity miaka yote hiyo. Jina la Sidney lilikuwa la ndani ya nyumba, la kunong'ona. Kama Peter angelitangaza makanisani watu wangetikisa vichwa wakasema hatumjui huyo, kama mimi nilivyomwambia yule baba hakuna Zaituni hapa. Still akauliza tena, akauliza majina ya ndugu, akauliza walivyoachwa. Kisha, na hii ndo naipenda, hakusema kitu. Alimwambia asubiri, akamaliza magazeti ya posta. Kama saa nzima amekaa na kaka yake wa tumbo moja chumba kimoja na anamuangalia tu.

Alipomwambia, Peter hakuamini. Aliogopa! Alikuwa ameshaonywa kwamba mijini kuna matapeli wanajifanya marafiki wanakurudisha utumwani, sasa huyu kijana msafi wa ofisini anayemwambia mimi ni mdogo wako, tena mdogo ambaye hajawahi kuwepo, si ndo tapeli mwenyewe? Alitaka kuondoka zake. Ilibidi apelekwe kwa dada zake, awaone sura, na baadaye New Jersey kwa mama ambaye alikuwa anakaribia miaka 80. Baba alishafariki 1842. Yule kaka mwingine, Levin, alifia Alabama 1831, hakuwahi kupona vizuri toka alipochapwa viboko kwa kosa la kwenda kumuona mkewe bila ruhusa.

Ndo hapo Still akaanza kuandika kwa bidii ya ajabu. Kila mtoro anayepita: jina, umri, ametoka wapi, bwana wake nani, alikuwa anamfanyia nini, ametoroka vipi, amemuacha nani nyuma. Na mwishoni jina jipya analokwenda kutumia huko mbele. Majina mawili, la zamani na jipya, mstari mmoja. Hicho kitu kinaonekana kidogo mpaka ufikirie kwamba ndugu atakayekuja kukutafuta miaka kumi baadaye anajua la zamani tu, na majirani zako wa Canada wanajua jipya tu, na kitu pekee duniani kinachounganisha hayo mawili ni mstari kwenye daftari la karani.

Alafu angalia wakati wenyewe. Mwezi mmoja tu baada ya Peter kutokea, Septemba 1850, bunge la Marekani likapitisha sheria ya watoro. Ukimsaidia mtoro, faini mpaka dola 1,000 na jela mpaka miezi 6. Kamishna anayesikiliza kesi analipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, akimwachia huru analipwa 5. Walidai hiyo 10 ni kwa sababu ya karatasi nyingi za kujaza. Karatasi! Kwaiyo kila mstari aliouandika Still ulikuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe. Wengine waliteketeza kumbukumbu zao kwa hofu, na hata za kamati ya zamani ya mji ule ule nyingi hazikupona. Yeye 1852 akachaguliwa kuongoza kamati mpya ya kuwapokea watoro na akaendelea kuandika mpaka na gharama, chakula kiasi gani, gari la farasi kiasi gani.

Daftari lenyewe lina mambo yanayokera pia, tusimfanye malaika. Anaandika huyu mweusi tii, huyu maji ya kunde, huyu ana sura ya akili, kama mtu anayepima. Labda alitaka ndugu waweze kutambua, labda ni mazoea ya zama zake, mimi linanikwaza kila nikifika. Ila mtu anaandikwa kama mtu. Desemba 1854 wanaingia kundi la Harriet Tubman, yule mwanamke aliyetoroka utumwani kisha akawa anarudi kutorosha wengine, wakiwemo kaka zake watatu, amewatoa Maryland sikukuu ya Krismasi. Siku hiyo hiyo Thomas Garrett, mzee Mquaker (dhehebu la Kikristo) wa Wilmington, Delaware, aliyekuwa kituo cha kabla ya Philadelphia, ameandika barua kwamba Harriet na mwanaume mmoja viatu viliwaishia miguuni, nimewapa dola 2 wajikamilishe. Viatu viliwaishia miguuni. Hiyo sentensi moja inanionyesha ile safari kuliko filamu yoyote. Na wale kaka, walioishi maisha yao yote wakiitwa Ross, kwenye daftari la Still wanatoka wakiwa akina Stewart.

Nyumbani napo palikuwa kituo. Mke wake Letitia alikuwa fundi wa kushona nguo, na watoro wakawa wanalala kwao, wanakula kwao, wanaoga kwao. Wanahistoria wanampa Letitia mistari miwili mitatu. Mi nawaza ule ugeni usioisha, kila usiku mlango, maji ya kuoga ya watu saba, masufuria, mtoto mchanga analia, na kesho kuna nguo ya mteja ya kumaliza. Huyo naye angeandikiwa daftari lake.

Msifikiri alikuwa mtu wa mezani tu. Tarehe 18 Julai 1855, saa kumi na nusu jioni, akaletewa kikaratasi ofisini: kuna mwanamke na watoto wawili hotelini karibu na bandari, wanataka uhuru, bwana wao yupo nao wanaelekea New York. Bwana mwenyewe ni John Wheeler, balozi wa Marekani huko Nicaragua. Kwa sheria ya Pennsylvania, mtumwa akiletwa na bwana wake ndani ya jimbo, huyo ni huru, ila nani atamwambia? Boti inaondoka saa kumi na moja. Still na mwenzake wa kizungu, Passmore Williamson, wakakimbia, wakamkuta Jane Johnson amekaa sitahani na wanawe, wakamwambia pale pale mbele ya bwana wake kwamba akitaka kuwa huru ainuke tu. Akainuka. Wapagazi watano wa bandarini, watu weusi, wakasaidia kumzuia balozi, Still akamwingiza mama na watoto kwenye gari la farasi wakapotea. Williamson akafungwa kama siku 100 kwa kudharau mahakama. Still na wapagazi wakashtakiwa, balozi anadai wamemteka mtumishi wake, na siku ya kesi akaingia mwanamke kajifunika shela usoni, akalifunua, kumbe ni Jane mwenyewe kahatarisha kurudishwa, akasema hakuna aliyenilazimisha nimeondoka kwa hiari yangu. Still akaachiwa huru. Wapagazi wawili wakafungwa wiki moja. Unaona nani analipa.

Peter naye alikuwa na yake. Mke wake Vina na watoto watatu walikuwa bado Alabama. Mzungu mmoja, Seth Concklin, akajitolea kwenda kuwatoa, mtu mmoja tu na mtumbwi. 1851 akawapigia makasia siku saba hivi, kutoka mto Tennessee mpaka Ohio mpaka Wabash, wakaingia Indiana, jimbo huru, na wakakamatwa huko huko Indiana. Familia ikarudishwa. Concklin akaja kuokotwa mtoni amekufa, minyororo bado mwilini, fuvu limepasuka. Baadaye bwana wa Vina akamwandikia Still barua kwamba akitaka hao wanne atoe dola 5,000. Peter, ambaye hakujua kusoma, akazunguka miji ya kaskazini anasimama makanisani anasimulia, anachangiwa, miaka kama miwili, mpaka 5,000 ikatimia, na mwisho wa 1854 akawapata. Mama yake alikuwa bado hai kuwaona.

Still alikuja kuficha madaftari kwenye dari ya jengo la makaburi ya Lebanon, pale Philadelphia. Watu waliohesabu kwenye kumbukumbu zake wanasema aliowasaidia ni kama 800. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule Marekani akayatoa, na 1872 akachapa kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 700, akakiuza mwenyewe kwa mawakala wa mtaa kwa mtaa kama mfanyabiashara aliyekuwa, maana alishakuwa na yadi ya makaa ya mawe na pesa yake. Alipigania pia watu weusi waruhusiwe kupanda tramu za Philadelphia, barua ya kwanza 1859, sheria ikapita 1867. Na 1874 alipomuunga mkono mgombea umeya ambaye hakuwa wa chama walichopigia wengi, watu weusi wenzake wakamjia juu na kususia makaa yake. Ndo binadamu. Binti yake Caroline akasomea udaktari, akamaliza 1878, kati ya wanawake weusi wa kwanza kabisa nchini mwao kufanya hivo. Mzee alifariki Julai 1902.

Mi nilishaacha kazi ya dirishani. Ila mwaka wangu wa mwisho, baada ya yule baba wa Zaituni, nilikuwa nachora mstari kwa rula kila ukurasa wa rejista, pembeni kabisa, nimeandika juu yake MAJINA MENGINE. Bosi aliniuliza nani kaidhinisha hiyo safu, nikamwambia hakuna, akaguna akapita. Foleni ilirefuka kidogo kwa sababu watu wakiulizwa jina lingine wanaanza hadithi. Kuna bibi mmoja kaletwa na mjukuu, nikamuuliza mwenyewe, sio mjukuu: bibi, zamani walikuwa wanakuitaje? Akanitazama, akamtazama mjukuu, akainama kwenye tundu la dirisha akaninong'oneza ili kijana asisikie. Nikaandika.